Kuandamana dhidi ya unyanyasaji kwenye shelta za wanyama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila shelta moja ikilipuka mtandaoni, kwa hiyo tumeyaweka sehemu moja. Majibu mengine ni marefu, mengine mistari miwili tu, soma lile linalokuhusu.

Kwani shelta si ndio sehemu ya kuokoa wanyama? Mnaandamana kupinga nini sasa?

Ndio, na ndio maana inauma zaidi. Mbwa akipigwa barabarani kuna macho ya watu, kuna mpita njia atapiga kelele, lakini akishapita geti la shelta anayemuona ni mwenye funguo tu, na mwenye funguo ndiye huyo huyo anayeandika kwenye daftari nani kafa na kafa kwa nini. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Alafu watu wanasahau kwamba shelta yenyewe ilizaliwa na watu waliokasirika. Ile ya London ambayo leo inajulikana kwa jina la Battersea ilianzishwa mwaka 1860 na mama mmoja, Mary Tealby, magazeti yakamcheka kwamba anajengea mbwa nyumba. Kule Philadelphia Caroline Earle White na wanawake wenzake waliunda chama chao mwaka 1869, na moja ya vitu walivyovishikia bango ni jinsi mbwa wa mtaani walivyokuwa wanakamatwa na kuuliwa kikatili. Kwa hiyo hatuandamani shelta zisiwepo, tunaandamana geti lifunguliwe watu waone ndani, na karibu kila jibu utakalosoma hapa chini linarudi kwenye hilo.

Nitajuaje ni unyanyasaji na sio umaskini tu? Shelta nyingi hazina hela.

Swali zuri kuliko yote na ndilo linalorukwa. Kipimo kinachotumika karibu kila mahali ni ule uhuru wa aina tano ulioandikwa Uingereza mwaka 1979, chimbuko lake ripoti ya Brambell ya mwaka 1965 ya wanyama wa shambani: asikae na njaa na kiu, asikae sehemu inayomtesa, asiachwe na maumivu wala ugonjwa, apate nafasi ya kufanya tabia zake za asili, asiishi kwa hofu. Shelta inaweza kuwa na paa bovu na milango ya mbao za kuokoteza na ikapita yote matano, na nyingine ina vigae mpaka darini na haipiti hata moja.

Ukiingia usipoteze muda na rangi ya pale mapokezi, omba kwenda mabanda ya nyuma. Bakuli la maji usiangalie tu kama lina maji, pitisha kidole ndani pembeni, ukikuta utelezi wa kijani ujue halijasuguliwa siku nyingi. Angalia viwiko vya mbwa, maana mbwa anayelala kwenye saruji tupu muda mrefu ngozi ya kiwiko inakuwa nene, nyeusi, manyoya yanaisha, mwisho inapasuka na kuwa kidonda. Kucha zilizojikunja mpaka zinaingia kwenye nyama ni kazi ya miezi, hiyo hamna mtu atakwambia ni wiki hii tu tulizidiwa. Kwenye chumba cha paka macho yako yakianza kuwasha ni amonia ya mkojo, na wewe umekaa dakika mbili tu wao wanashinda humo na kulala humo, angalia pia kama wana hata boksi la kujificha, maana paka mgeni akikosa pa kujificha anaishi kwa presha na hapo ndipo mafua yanapompata. Mbwa anayezunguka duara lile lile bila kukutazama, huyo kafungiwa mpaka akili imeanza kuchoka. Na angalia wanavyosafisha, kuna sehemu banda linapigwa maji kwa mpira mbwa akiwa humo humo ndani, analoa, anajikunyata kwenye kona, alafu analala hivyo hivyo kaloa.

Kuna hesabu pia ya kufanya. Kiwango cha chini ambacho mashirika ya wanyama Marekani yamekuwa yakikitaja miaka mingi ni dakika 15 kwa kila mnyama kwa siku, 9 za usafi na 6 za kulisha, hapo hujaweka dawa wala kumtembeza. Chukua wanyama 80 mara dakika 15, unapata dakika 1200, yaani masaa 20, yaani wafanyakazi wawili na nusu wanaofanya kazi masaa 8 bila kukaa. Ukikuta wanyama 80 na kijana mmoja mwenye ndoo, huhitaji hata kuuliza kama wanateseka. Hapo wa kulaumiwa sio kijana, ni aliyeendelea kupokea wanyama huku anajua ana kijana mmoja.

Na kama bado huna uhakika, angalia unavyojibiwa. Shelta masikini ukiwaambia banda la nne kuna mbwa anaharisha damu watakuacha unaongea wakimbilie huko. Ile nyingine watakuuliza nani kakuruhusu kupita huku.

Kumchoma mnyama sindano ya kifo ni unyanyasaji?

Inategemea na hapa hata wanaharakati wenyewe tunagombana. Mnyama mwenye maumivu yasiyotibika, amechomwa pentobabito, ile dawa ya usingizi inayoua ikizidishwa, dozi kamili na mtu aliyefundishwa, anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache, mimi hapo siwezi kukwambia ni ukatili. Ukatili ni kumpunja dozi ili dawa itoshe wengi, ni kumchoma sindano kwenye moyo akiwa macho, ni kumpiga, ni kumuacha na njaa afe mwenyewe. Marekani kwa miaka mingi shelta zilitumia vyumba vya gesi ya kaboni monoksaidi, majimbo mengi yamepiga marufuku baada ya watu kupambana jimbo kwa jimbo.

Alafu kuna kuua kwa uvivu, huku ndiko kunatakiwa kuandamaniwa zaidi. Agosti 2021 kule Bourke, New South Wales, Australia, halmashauri iliwapiga risasi mbwa 15 waliokuwa kwenye banda lake, 10 kati yao watoto, eti kuzuia watu wa kujitolea kutoka mji wa Cobar wasisafiri kuja kuwachukua wakati wa korona. Watu wa kuwachukua walikuwepo! Ukisikia "hatukuwa na njia nyingine" uliza kwanza walipigia simu watu wangapi.

Shelta yetu inajitangaza haiui kabisa. Si tuwaache?

Usiwaache. Kwa kawaida wanaojiita hivyo wanatumia kipimo cha asilimia 90, yaani wanyama 90 kati ya 100 wanatoka wakiwa hai, na San Francisco ilishaweka makubaliano ya aina hii mwaka 1994 kwamba mnyama anayefaa kuasiliwa hauliwi. Ni lengo zuri, ila neno lenyewe halilindi mnyama. Mbwa anaweza kuwa hai kwenye kizimba cha mita mbili kwa miaka sita, hajawahi kukanyaga nyasi, na shelta inahesabu huyo kama ushindi. Kuna na zile shelta za mtu mmoja mwenye huruma ambaye hawezi kusema hapana, anapokea tu, hamna anayeasiliwa, mwisho wanyama wanakulana, na watu wanaogopa kumsema kwa sababu ana roho nzuri. Roho nzuri haisafishi mabanda.

Na wengine wanadanganya tu. Korea Kusini, Januari 2019, mfanyakazi wa shirika moja kubwa la uokoaji lililojijengea jina la kutoua alitoa siri kwamba mkuu wao alikuwa ameagiza mbwa zaidi ya 200 wauliwe kimya kimya tangu 2015 ili kupata nafasi ya kuingiza wengine wapya, na unajua wapya ndio wanaleta kamera na michango. Wafanyakazi wa shirika hilo hilo wakashika mabango wakasema na sisi tulidanganywa.

Nina video ya mfanyakazi anampiga mbwa. Niirushe sasa hivi?

Subiri kidogo, sikwambii uifiche. Kama mnyama yuko kwenye hatari dakika hii, piga simu polisi au ofisi ya daktari wa mifugo ya serikali kwanza, video haimtoi mtu pale kwenye banda. Kisha linda faili lako, ile ya asili kabisa kama ilivyotoka kwenye simu, usiikate, usiweke muziki wa huzuni, usiweke maandishi mekundu, usiitume wasapu ukadhani umehifadhi maana huko inabanwa na taarifa za saa na tarehe zinapotea. Weka kopi mbili sehemu mbili tofauti. Andika pembeni ulikuwa wapi, saa ngapi, nani mwingine alikuwepo. Kama utapata nafasi ya kurekodi tena, anza na kibao cha getini utembee bila kuzima mpaka kwenye kizimba, maana utetezi wa kwanza watakaoleta ni "hapo sio kwetu" na wa pili ni "hiyo ya zamani".

Hiyo moja ambayo hujaihariri, mpelekee daktari wa wanyama asiyehusika na ile shelta aandike anachokiona kwa lugha ya kitaalamu. Karatasi moja ya daktari inayosema "mnyama huyu amekonda kwa wiki nyingi" ina uzito kuliko komenti elfu kumi za emoji za kulia.

Ukishafanya hayo, irushe, maana video inafanya kazi. Novemba 2022 klipu ya mfanyakazi wa shelta ya manispaa ya Konya, Uturuki, anampiga mbwa kwa koleo ilisambaa, watu wakaingia barabarani na wahusika wakakamatwa. Bila ile klipu ingekuwa neno la mtu mmoja dhidi ya manispaa nzima. Ila ukirusha, ziba sura za watu wasiohusika, na usiweke namba ya simu ya mtu wala anakoishi. Na ile ya kuletewa na mtu kwenye grupu, kabla hujaisambaza itafute kwenye intaneti kwa picha, klipu za mateso za miaka kumi iliyopita zinazunguka kila siku na jina jipya la mji. Siku hizi zipo hata za uokoaji wa kuigiza, mtu anamtumbukiza mtoto wa paka shimoni mwenyewe alafu "anamuokoa" kwa ajili ya views, ukizisambaza hizo unamlipa mtesaji.

Mimi ni volontia wa ndani. Nikisema watanifukuza na nani atawalisha?

Hili linawanyamazisha watu wengi wazuri na wakuu wa shelta wanalijua, ndio silaha yao. Hamna jibu rahisi. Ninachoweza kusema ni kwamba kesi nyingi zilizojulikana zilifunguliwa na watu kama wewe, mfano Los Angeles mwaka 2022 ni volontia waliozungumza na gazeti kwamba kuna mbwa wanakaa wiki au hata miezi bila kutolewa nje ya kizimba, sio kwa sababu mtu ni katili bali wafanyakazi hawatoshi na hamna aliyekuwa anasema kwa sauti.

Anza na kumbukumbu, sio na kelele. Kila zamu andika: tarehe, banda namba ngapi, umeona nini, umemwambia nani, akajibu nini. Malalamiko yako kwa uongozi yapeleke kwa maandishi, hata meseji, ili siku wakisema "hatukuambiwa" uwe na skrinshoti. Soma ile karatasi uliyosaini siku ya kwanza, nyingi zina kipengele cha kutunza siri, mpe mwanasheria aitazame, maana sehemu nyingi mkataba hauwezi kukuzuia kuripoti kosa la jinai ila unaweza kukuletea shida ukikimbilia mtandaoni kabla ya mamlaka. Na usiwe peke yako. Volontia mmoja anafukuzwa leo leo, kumi na wawili wakisaini barua moja uongozi unaitisha kikao.

Naambiwa nidai namba. Namba gani?

Hizi, na kama shelta ni ya manispaa au inaendeshwa kwa kodi, nchi nyingi zina sheria ya kupata taarifa inayowalazimu kukujibu: wanyama waliokuwepo siku ya kwanza ya mwaka, walioingia, walioasiliwa, waliorudishwa kwa wenyewe, waliohamishiwa kwingine, waliokufa, waliouliwa, na waliobaki siku ya mwisho. Waliokuwepo jumlisha walioingia, toa waliotoka kwa njia zote, lazima upate waliobaki. Isipofika hapo kuna wanyama wameyeyuka.

Kifuko kinachofichiwa vitu mara nyingi ni "waliohamishwa". Walihamishiwa wapi? Pigia simu huko. Kingine ni daftari la dawa, kwa sababu pentobabito ni dawa inayodhibitiwa karibu kila nchi na kila mililita inatakiwa kuandikwa, na dozi inaenda kwa uzito, kwa hiyo mwenye ujuzi akiweka mililita zilizotumika pembeni ya idadi ya waliouliwa anaona hapo hapo kama walipunjwa. Kule Torremolinos, Hispania, kesi ya shelta moja ilifika mahakamani Málaga ikaonekana wanyama zaidi ya 2000 waliuliwa, wengi kwa dozi pungufu ili kubana matumizi, na muziki ulikuwa unafunguliwa kwa sauti ya juu ili vilio visisikike. Mkuu wake alihukumiwa miaka mitatu na miezi tisa. Muziki, aisee.

Tusimame wapi siku ya maandamano? Tunahitaji kibali?

Haki ya kukusanyika kwa amani iko kwenye ibara ya 21 ya mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, ila nchi na miji ina taratibu zake, sehemu nyingi unatoa taarifa polisi siku kadhaa kabla na kuna sehemu unaomba kibali kabisa. Fuateni. Maandamano yanayovunjwa dakika ya tano yanageuka habari ya polisi, wanyama hawatajwi tena.

Kuhusu wapi, tafadhali msisimame chini ya ukuta wa mabanda. Watu wanakuja na vuvuzela na spika wanapiga kelele masaa matatu mita kumi kutoka kwa mbwa ambao wanasema wamekuja kuwatetea. Kelele ndani ya banda la mbwa peke yake inaweza kupita desibeli 100, ukiongeza na spika yako wale wa ndani hawana pa kukimbilia. Na wanaoamua bajeti wala hawako pale, wako ofisi ya manispaa, wako kwenye kikao cha bodi, wako kwa mfadhili. Nendeni huko. Mkitaka kuonekana getini kaeni kimya na mabango, picha ya watu 60 kimya mbele ya geti ina nguvu ya ajabu. Mbwa wako muache nyumbani.

Kwa nini tusivunje tu tukawatoa wote?

Kwa sababu utaua nusu yao. Mbwa aliyeishi kizimbani akiachiwa usiku anakimbilia barabarani. Alafu kuna magonjwa, kirusi cha pavo kinaweza kukaa kwenye sakafu na udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na kinasafiri kwenye soli ya kiatu, kwa hiyo kundi lililovamia shelta moja Jumamosi na kwenda "kuokoa" nyingine Jumapili linaweza kumaliza watoto wa mbwa wa sehemu zote mbili. Hata ukialikwa kuingia kihalali, nyunyizia viatu dawa kabla na baada. Na kisheria ukivunja mlango, ushahidi ulioutoa humo unapigwa vita na mtuhumiwa anakuwa wewe.

Wafanyakazi tuwatukane? Wao ndio wanaofanya.

Anayepiga kwa koleo ashtakiwe. Ila yule anayechoma sindano asubuhi nzima mara nyingi ndiye anayependa wanyama kuliko wote mle ndani, alikuja kuwatunza akapewa kazi ya kuwaua, mwanasosholojia Arnold Arluke aliandika juu ya mzigo huu wa kumtunza mnyama kwa mkono ule ule unaomuua. Watu wa aina hii ndio mashahidi wenu wa kesho. Ukimtukania mama yake leo getini usitegemee akupe lile daftari la dawa.

Tudai nini hasa? Tumeandika "Haki kwa wanyama".

Hilo mkuu wa shelta atalisaini hata kesho maana halimlazimishi kitu. Dai kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukiangalia Jumanne kama kimefanyika au hakijafanyika: saa maalum za wazi kila wiki ambapo mtu yeyote anaingia mpaka mabanda ya nyuma, zile namba nane hapo juu kubandikwa kila mwezi, daktari asiye mwajiriwa wao kukagua kila baada ya miezi mitatu na ripoti iwe wazi, ukomo wa idadi ya wanyama kulingana na wafanyakazi, na mnyama yeyote kabla hajauliwa makundi ya uokoaji yaarifiwe. Hili la mwisho sio ndoto, California walipitisha kitu cha karibu nalo mwaka 1998 kwenye sheria inayoitwa ya Hayden, shelta ikatakiwa kumpa mnyama siku za kusubiri na kumtoa kwa kundi la uokoaji linalomuomba badala ya kumuua. Memphis, Marekani, baada ya maafisa kuvamia shelta ya mji mwaka 2009, ziliwekwa kamera watu waangalie ndani kupitia intaneti.

Na tafadhali fikirini mara mbili kabla ya kudai "ifungwe". Wanyama 200 wataenda wapi jioni hiyo? Wanaokamatwa kama ushahidi mara nyingi wanakaa vizimbani miezi huku kesi inaahirishwa. Kama ni lazima ifungwe, njooni na orodha ya sehemu za kuwapeleka, majina na nafasi.

Kuna sehemu maandamano yalibadilisha kitu, au ni kelele tu?

Yapo yaliyofanikiwa na yapo yaliyoshindwa. Tarehe 11 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mbwa wa mitaani wa Delhi na maeneo ya jirani wakusanywe na kuwekwa kwenye shelta, wasirudishwe. Watu wakatoka barabarani, hoja yao kubwa ikiwa shelta za kubeba mbwa wote hao hazipo, kwa hiyo amri hiyo ni kuwajaza sehemu wafe, na mawakili wakakimbilia mahakamani huku nje kunawaka. Tarehe 22 mwezi huo huo jopo kubwa zaidi la majaji likabadilisha, mbwa wahasiwe, wachanjwe, warudishwe walikotoka isipokuwa wenye kichaa au wakali. Siku kumi na moja! Ila Novemba ikaja amri nyingine ya kuwaondoa kwenye maeneo ya shule, hospitali na stesheni, kwa hiyo msifunge mabango kabatini.

Uturuki ikawa kinyume, watu waliandamana miezi na bunge likapitisha sheria mwishoni mwa Julai 2024, manispaa zikusanye mbwa wa mitaani ambao serikali inawakadiria kufika milioni 4. Walishindwa, na baada ya hapo nguvu ikahamia kufuatilia yanayotokea kwenye shelta zenyewe, kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichotakiwa kuanza zamani.

Na kuna yale yanayokuja mtu akiwa ameshachelewa. Borodianka, Ukraine, mwaka 2022: vita imeanza, shelta imefungwa na mbwa 485 ndani bila chakula wala maji, walipofunguliwa mwanzoni mwa Aprili 222 walikuwa wamekufa. Watu walidai uongozi uondoke kwa sababu hata kuyafungua mabanda tu hakuna aliyefanya. Tangu hapo kila nikisoma orodha ya madai naangalia kama kuna mstari wa dharura: nani ana funguo za akiba na nani atakuja moto, mafuriko au vita vikija. Mara nyingi haupo.

Tunajibiwa "watu wanakufa njaa nyie mnalilia mbwa".

Anayekuuliza hivyo muulize yeye wiki hii kamlisha nani. Usibishane zaidi ya hapo.

Tunakusanya michango, tufanyeje isilete maneno?

Isiingie kwenye akaunti ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu vipi. Watu watatu wasaini, risiti zibandikwe, na mseme tangu mwanzo hela ikibaki inaenda wapi. Kundi linalolia uwazi wa shelta na lenyewe halionyeshi hesabu litanyooshewa kidole siku ya kwanza, na kwa haki kabisa.

Wametuma barua ya wakili, wanasema tumewachafua.

Msifute kila kitu kwa hofu na msijibu kwa hasira usiku. Pelekeni barua kwa mwanasheria, alafu rudieni posti zenu moja moja mkitenganisha mlichokiona na mlichodhani. "Tarehe fulani banda namba saba halikuwa na maji, picha hii" mnaweza kuisimamia popote, "wanauza mizoga" bila ushahidi hamuwezi. Kumbukeni pia sheria iko upande wenu mara nyingi kuliko mnavyodhani, mfano Uingereza na Wales sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inambana yeyote anayemshikilia mnyama, shelta ikiwemo, na ukatili tangu 2021 unaweza kufika kifungo cha miaka mitano.

Niko mbali, siwezi kuja. Nasaidiaje?

Andika barua yako mwenyewe kwa bodi au manispaa, sio kukopi ya mtu, barua mia zinazofanana zinahesabiwa moja. Na kama una ujuzi wa mahesabu, omba zile namba uzipige.

Wamekubali madai yetu! Tumemaliza?

Wamekubali mbele ya kamera. Gaweni zamu, kila saa ya wazi ikifika watu wawili waingie na fomu ile ile, mabanda yale yale, bakuli, viwiko, kucha, harufu, idadi. Wafanye hivyo mwaka mzima hata kama hamna cha kuposti. Mwezi ambao namba hazijabandikwa, barua iende siku hiyo hiyo, na tarehe ya maandamano yajayo iandikwe chini ya barua.